Gari Lipo Mtandaoni, Je, Lipo Yadini?

Kwa miaka mingi mtaji wa dalali wa magari ulikuwa kichwani mwake: nani ana gari gani, limeingia lini, la rangi gani, na meneja yupi hulegeza bei mwisho wa mwezi. Mteja hakuwa na namna ya kuyajua hayo ila azunguke yadi moja hadi nyingine. Tovuti za kutafutia magari zimeuchukua karibu mtaji huo wote. Leo mtu anachagua modeli, mwaka, rangi ya viti na umbali kutoka alipo, na kabla hajamaliza kunywa chai ana magari arobaini kwenye simu. Ndipo anampigia dalali na kumuuliza, tena kwa haki, anamlipa kwa lipi.

Jibu langu ni kwamba analipia pengo lililopo kati ya tangazo na gari lenyewe. Pengo hilo ni pana kuliko wengi wanavyodhani, na halitokani na ulaghai peke yake. Linatokana na jinsi orodha hizo zinavyotengenezwa. Dalali asiyeijua njia ya tangazo kutoka yadini hadi kwenye skrini hana tena cha kumuuzia mteja mwenye simu.

Safari ya tangazo

Wauzaji wakubwa hawaandiki matangazo yao tovuti kwa tovuti. Gari likiingia linasajiliwa kwenye programu ya biashara ya yadi, ile ile inayotunza ankara, mikopo na kazi za gereji. Programu hiyo hutoa faili, mara nyingi mara moja kwa siku, usiku. Kila mstari wa faili ni gari moja: namba ya stoo ambayo yadi hujipangia, namba ya VIN, yaani namba ya utambulisho wa gari lenyewe, modeli, kilomita, bei, rangi, na anwani za picha zilikohifadhiwa. Faili linakwenda kwa msambazaji wa matangazo, msambazaji analigawa kwa tovuti kadhaa, na kila tovuti inalisoma kwa ratiba yake.

Sasa piga hesabu. Gari limelipiwa malipo ya awali saa nne asubuhi. Ofisi haiwezi kulitoa kwenye stoo mpaka mkopo uthibitishwe, kesho yake mchana. Faili la usiku wa leo bado lina gari hilo. Faili la kesho usiku halina tena, lakini tovuti iliyochelewa kulisoma italiondoa keshokutwa. Kwa siku mbili au tatu gari lililokwisha kuuzwa limekaa pale na bei yake na picha zake, na hakuna mtu aliyesema uongo. Wapo pia wanaoliacha kwa makusudi, kwa kuwa gari zuri la bei ya chini huleta simu nyingi, na kila anayepiga anaweza kuonyeshwa gari jingine.

Kosa la upande wa pili ni gari ambalo bado halijafika. Muuzaji wa magari mapya hupewa VIN mapema, gari likiwa bado kiwandani au melini, na programu yake hulitangaza papo hapo. Dalili zipo. Picha zina mandhari meupe ya studio, na picha zizo hizo ukizikuta kwenye magari mengine matano ya yadi ile ile, hizo ni za kiwanda. Kilomita zimeandikwa 0, wakati gari lililokwisha teremshwa na kusogezwa huwa na chache angalau. Mimi huanza na picha ya dashibodi. Odomita, yaani kihesabu kilomita, ikionekana imewaka na namba inasomeka, maana yake kuna mtu aliyeketi ndani ya gari hilo akiwa na kamera.

Kipimo cha siku ambazo gari limekaa sokoni nacho kisichukuliwe kama kilivyo. Tovuti nyingi huhesabu tangu zilipoliona tangazo mara ya kwanza. Muuzaji akilifuta na kulirudisha kwa namba mpya ya stoo, baadhi ya tovuti huanza kuhesabu upya, na gari lililochakaa kwa jua yadini linaonekana mgeni wa jana. Ndiyo sababu namba ya stoo haifai kufuatilia gari. Fuata VIN.

Kuisoma VIN

VIN ina herufi na tarakimu 17, na ndani yake hazimo I, O wala Q, kwa sababu huchanganywa na 1 na 0. Ukiona tangazo lenye O katikati ya namba, mtu aliandika kwa mkono na akakosea. Tatu za mwanzo humtaja mtengenezaji: zikianza na J ni Japani, W ni Ujerumani, 1, 4 au 5 ni Marekani. Kuanzia ya 4 hadi ya 8 ni maelezo ya gari, kama aina ya bodi na injini. Ya 10, kwa magari ya soko la Marekani na Kanada, ni mwaka wa modeli: L ni 2020, M ni 2021, N ni 2022, P ni 2023, R ni 2024, S ni 2025. Huo ni mwaka wa modeli, si tarehe gari lilipotoka kiwandani. Mara nyingi gari la modeli ya mwaka fulani huundwa mwaka uliotangulia. Watengenezaji wengi wa Ulaya hawaitumii nafasi hiyo kwa mwaka wanapouza kwingineko.

Nafasi ya 9 ni tarakimu ya ukaguzi, ya lazima Marekani na Kanada. Kila herufi hubadilishwa kuwa namba, kila nafasi huzidishwa kwa uzito wake, yaani namba maalumu iliyopangiwa nafasi hiyo, jumla inagawanywa kwa 11, na baki ndiyo inayopaswa kukaa pale. Baki ikiwa 10 huandikwa X. Tovuti nyingi hufanya hesabu hiyo zenyewe na kumwambia mnunuzi kwamba VIN ni sahihi. Hapo ndipo watu huteleza. Chukua namba yenye 1 kumi na saba. Uzito wa nafasi zote ukijumlishwa ni 89, ukigawanya kwa 11 inabaki 1, na nafasi ya 9 ina 1. Namba hiyo inapita ukaguzi bila kasoro, na watengeneza programu huitumia kujaribia mifumo yao. Kwa hiyo VIN sahihi inathibitisha tu kwamba namba imeandikwa vizuri. Kuwepo kwa gari ni suala jingine kabisa.

Magari yaliyouzwa kwanza ndani ya Japani hayana VIN ya nafasi 17. Yana namba fupi ya chasisi: kifupi cha modeli, kistari, kisha tarakimu. Usimshuku muuzaji kwa ufupi wa namba peke yake, na usitarajie programu ya kusoma VIN ikusaidie hapo.

Kazi ya dakika moja ambayo wanunuzi wengi huiruka ni kuibandika VIN nzima, ndani ya alama za kunukuu, kwenye injini ya kutafutia. Matangazo ya zamani ya gari hilo hilo hujitokeza, yakiwa na bei ya awali, kilomita za awali, na pengine picha za mnada zinazoonyesha ubavu uliobonyea kabla haujanyooshwa. Linganisha kilomita kwa tarehe. Linganisha pia vipimo: gari lenye odomita ya maili likiingizwa kwenye faili la kilomita, 60,000 inabaki 60,000, ilhali ni zaidi ya kilomita 96,500.

Vichujio vinavyoficha gari unalolitaka

VIN kwa kawaida humpa msomaji modeli na injini, wakati mwingine toleo, lakini vifurushi vya ziada haimpi. Paa la kioo, viti vinavyopashwa joto, kamera za pande zote: hayo mara nyingi huwekewa tiki na karani wa yadi au hunakiliwa kutoka gari lililotangulia. Makosa huenda pande zote mbili. Gari lenye paa la kioo lisilowekewa tiki litapotea kabisa mteja akibonyeza kichujio hicho, na lisilo nalo litamjia kifua mbele.

Ndiyo maana natafuta kwa vichujio vichache tu: modeli, miaka, aina ya gia, na bei iliyopandishwa kidogo juu ya kiwango cha mteja. Mengine nayasoma kwenye picha. Swichi za viti huonekana karibu na gia au mlangoni, kamera ya mbele ni kidoa kwenye nembo au grili, paa la kioo linaonekana kwenye picha yoyote ya ndani iliyopigwa kutoka kiti cha nyuma. Kwa gari jipya lililouzwa Marekani kuna njia fupi zaidi. Sheria ya mwaka 1958 inalazimisha karatasi ya kiwanda ibandikwe kwenye kioo ikiwa na bei iliyopendekezwa na kila nyongeza iliyofungwa kiwandani. Omba picha ya karatasi hiyo.

Umbali nao mara nyingi hupimwa kwa mstari ulionyooka. Ziwa au mlima ukiwa katikati, kilomita 50 za tovuti zinaweza kuwa nusu siku barabarani.

Bei iliyo juu ya orodha

Anayepanga matokeo kutoka bei ya chini kwenda juu anawapa nafasi ya kwanza wauzaji waliotoa punguzo kwa masharti. Mfano wa kawaida: bei iliyoonyeshwa imeshaondolewa punguzo la mwenye gari la chapa hiyo hiyo, punguzo la anayekopa kwa kampuni ya mtengenezaji, na punguzo la anayeacha gari lake la zamani. Mteja asiye na sifa hata moja kati ya hizo hatalipa bei hiyo kamwe. Kisha zinaongezwa ada ya nyaraka, usafirishaji, na vitu vilivyokwisha fungwa yadini kama kioo cheusi na dawa ya kulinda rangi. Yadi iliyokuwa ya kumi kwenye orodha, yenye bei kavu isiyo na masharti, huibuka nafuu zaidi ya ile ya kwanza.

Kazi ya dalali hapa ni moja: kuzirudisha bei zote kwenye msingi mmoja. Andika kila gari bei yake ya mwisho, kila kitu kikiwa ndani, kwa mteja huyu na si kwa mteja wa kufikirika. Jedwali la magari sita lililofanywa hivyo linamfaa kuliko orodha ya arobaini.

Fomu inayoharibu kazi

Hili nawaomba wateja walisikie kabla ya kumtafuta dalali. Ukibonyeza kitufe cha kuomba bei au kuuliza kama gari lipo, jina lako na namba yako vinaingia kwenye programu ya wateja ya yadi na kugawiwa kwa muuzaji fulani. Kuanzia hapo wewe ni mteja wake, na kamisheni ya mauzo ni yake. Dalali akipiga siku mbili baadaye kwa meneja wa mauzo ya jumla, meneja anatafuta jina lako, analikuta, na bei ya dalali inafungwa, maana hawezi kumnyang'anya kijana wake riziki. Kwenye tovuti za kukusanya matangazo fomu moja inaweza kwenda kwa yadi kadhaa kwa mpigo. Tafuta utakavyo, hifadhi matangazo, piga picha za skrini, lakini usijaze fomu ikiwa unakusudia kumtumia dalali. Na wewe dalali, uliza swali hilo kwanza: umeshaacha namba yako wapi?

Kuhusu malipo, tovuti zimeua ada ya kutafuta, na nadhani zilistahili kuiua. Dalali anayelipwa na yadi ana sababu ya kumpeleka mteja kwenye kamisheni nono, na mteja mwenye orodha mkononi sasa anaigundua mara moja. Kinachosimama ni ada moja isiyobadilika, iliyoandikwa kabla ya kazi, ikieleza nani analipa na kwa huduma ipi. California, kwa mfano, humtaka dalali wa magari awe na leseni ya uuzaji yenye idhini maalumu ya udalali, na makubaliano na mteja yawe kwa maandishi.

Limebaki eneo moja ambalo tovuti hazilioni: magari yanayogombewa. Yadi ikipangiwa magari mawili ya modeli inayotakiwa sana, yanakuwa na wenyewe kabla faili la usiku halijaandikwa. Hapo uhusiano wa dalali na meneja bado una thamani ile ile ya zamani.

Simu kabla ya safari

Usiulize "lipo?" Jibu huwa ndiyo. Taja tarakimu 6 za mwisho za VIN, umwombe muuzaji atembee mpaka kwenye gari na kukutumia video fupi, bila kukata, inayoanzia kwenye namba iliyo chini ya kioo cha mbele na kuishia kwenye odomita ikiwa imewaka. Muulize kama kuna mtu aliyeacha malipo ya awali juu ya gari hilo. Kisha omba bei ya mwisho kwa baruapepe, ikiwa na VIN, kila ada kwa jina lake, na tarehe ambayo bei hiyo inakoma. Muuzaji akikataa video lakini akasisitiza uje haraka kabla halijachukuliwa, mpigie wa pili kwenye jedwali lako.