Jina halimo kwenye mawimbi

Kila ninapomwonyesha mtu skrini yangu, yenye ramani ya ndege zinazopita angani, swali linakuja lilelile: kama ndege yenyewe inajitangaza angani, mimi nikiitangaza mtandaoni nimemkosea nani? Mimi ni fundi wa redio, na zamani nilijibu haraka kwamba hujamkosea mtu. Siku hizi sijibu hivyo.

Tuanze na chombo. Juu ya paa langu hapa Pasiansi, Mwanza, nimesimamisha bomba la plastiki, na ndani yake kuna waya wa shaba wa karibu sentimita 7. Urefu huo ni robo ya wimbi la megahetzi 1090, masafa ambayo ndege hutumia kutaja mahali zilipo. Kebo inashuka hadi kwenye kipokezi kidogo mfano wa flashi, kisha kwenye kompyuta. Upande wa ziwa hakuna kinachozuia, kwa hiyo ndege iliyo mita 10,000 juu naipata hata ikiwa imeshaipita Entebbe. Upande wa nchi kavu mawe yetu yananinyima: ndege ndogo ya kutoka Serengeti ikija chini chini, naiona ikiwa imeshafika karibu.

Ujumbe huo umeachwa wazi makusudi, ili waongoza ndege na marubani wengine wausome wasije wakagongana. Juu ya ziwa, ndege ya Bukoba na ile ya mgodini Geita zinaweza kujikuta kwenye wingu moja. Kwa hiyo anayetaka mtambo wa ndege unaotuma ujumbe huo uzimwe ili yeye asionekane anaomba hatari, na simuungi mkono hata kidogo.

Sasa angalia kilichomo. Ukizikusanya jumbe za ndege moja unapata kimo, mwendo, mahali ilipo, na namba yake ya utambulisho yenye herufi na tarakimu sita, mfano wa namba ya chasisi ya gari. Basi. Jina la mwenye ndege halimo, la abiria halimo. Jina tunalitia sisi, kwa kupekua daftari la usajili, picha za watu na maneno ya mtaani. Kijana wa Marekani, Jack Sweeney, alifanya hivyo mwaka 2020 kwa ndege ya Elon Musk. Musk alimpa dola 5,000 aache, kijana akataka 50,000, na Desemba 2022 akaunti aliyotangazia safari za ndege hiyo ikafungiwa Twitter. Baadaye Sweeney alirudi akitangaza safari zilezile zikiwa zimechelewa saa 24. Watu waliichukulia kama ujanja wa kukwepa sheria za mtandao ule. Mimi naona hizo saa 24 ndizo kiini cha mjadala wote, maana anayejua ulikuwa wapi jana hawezi kukusubiri getini leo.

Marekani wana utaratibu wa mwenye ndege kuomba isionyeshwe, na hata wa kupewa namba ya muda. Lakini ombi hilo linawabana wanaochukua data ya serikali. Antena ya mtu binafsi juu ya paa haipokei ombi la mtu. Kwa hiyo uamuzi unabaki kwa mwenye antena, na huku kwetu mwenye antena ni mimi.

Usiku mmoja niliona ndege ya wagonjwa ikitoka Nairobi, ikakatiza ziwa, ikatua Mwanza. Nikaandika kwenye kundi letu la wapenda ndege: ndege ya wagonjwa imetua sasa hivi, inasubiri. Sikuandika jina, wala sikulijua. Dakika chache baadaye mwingine akaandika kwamba ameona gari la nyumba fulani ya Kapripoint likienda mbio kuelekea uwanjani. Wa tatu akamaliza kazi, akataja jina la mzee. Hadi alfajiri, pale Kirumba wauza samaki walikuwa wanasema mzee amefariki. Hakuwa amefariki.

Mchana mwanawe alinipigia. "Shikamoo. Ni wewe uliyeandika habari ya ndege ya baba?" Nikasema ni mimi. Akaniambia dada yake mdogo yuko chuoni Dodoma, walikuwa wanatafuta namna ya kumweleza taratibu, akaletewa pole na mwenzake wa bwenini. Hakunitukana. Alisema hayo tu, akakata simu.

Hapo nilielewa kitu ambacho mjadala wa Ulaya na Marekani haukunifundisha. Kwenye uwanja kama Teterboro, karibu na New York, ndege binafsi inapotea katikati ya wenzake. Mwanza haipotei. Ikitua moja usiku, mji mzima unaweza kuhesabu ni nani na kwa nini. Kwetu kutotaja jina si kinga, kwa sababu ndege na saa yake vinatosha kuwa jina. Na wanaosema bodaboda wa getini pia wameiona, ni kweli wameiona. Lakini kumwona mtu dukani si sawa na kumfuata kutwa na daftari, na kompyuta yangu ni daftari lisilolala.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaihesabu afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Ujumbe wangu haukuwa na neno moja la afya ya mzee yule. Ulifikisha habari ya afya yake hata hivyo.

Sisemi antena zishushwe. Mwaka 2018, baada ya mwandishi wa habari wa Kisaudia, Jamal Khashoggi, kuuawa Istanbul, data ya namna hii iliwasaidia waandishi kufuatilia ndege mbili zilizowabeba maofisa wa Kisaudia. Ndege inayorushwa kwa kodi zetu nayo tuna haki ya kuiuliza ilikwenda wapi na kwa shughuli gani. Swali hilo halina haraka ya dakika tano. Likiulizwa kesho yake lina nguvu ileile.

Mimi sasa ndege za wagonjwa sizitaji kabisa, hata baada ya mwezi. Ndege binafsi sitaji safari yake moja moja. Nikiandika, naandika ni ngapi zimetua kwa mwezi na zinapita njia zipi. Kundi la wapenda ndege nalo linapata picha yangu ya ramani ikiwa imechelewa siku nzima, na waliolalamika wameshazoea.

Jumamosi vijana wawili wa Nyegezi wanakuja kujifunza kukata waya na kuulehemu. Waje na kebo yao, mita 10 zinatosha. Kabla hatujapanda paani nitawaomba wakae, niwasimulie ile simu ya mchana.