Je, wajua kwa nini vyumba vya hoteli London ni vidogo?

Kitu cha kwanza nilichokiona katika chumba chetu London kilikuwa nusu ua. Lilikuwa darini, ua la plasta la zamani, majani na matunda yamefinyangwa kwa ustadi, kisha limekatwa kati na ukuta. Nusu nyingine bila shaka ilikuwa ikimtazama mgeni wa chumba cha pili. Mama hakuliona. Alikuwa bado kasimama mlangoni na begi lake la kilo 23, anatafuta pa kuliweka.

"Mwanangu, hiki ndicho chumba, au hapa ni stoo tunasubiri chumba?"

Ndicho kilikuwa chumba. Tulikwenda kwa mahafali ya mdogo wangu, mwezi wa saba, nami nilikuwa nimelipia siku mbili kwa bei isiyorudishwa katika hoteli moja ya Paddington yenye nyota tatu na picha nzuri mtandaoni. Mmoja akitaka kufungua begi, mwingine apande kitandani. Mlango wa bafu ulikuwa unagonga sinki. Lililomuudhi Mama kuliko yote ni kwamba hapakuwa na pa kutandika mswala. Tulitafuta kibla kwenye simu, kikaangukia kabatini.

Nimekuja kuelewa baadaye kwamba lile ua lilikuwa linanieleza kila kitu, ila sikujua kulisoma.

Mitaa ya Paddington, Bayswater, Earl's Court, Pimlico na Bloomsbury imejaa nyumba ndefu nyembamba zilizoshikana ubavu kwa ubavu, nyingi za karne ya 19. Hakuna aliyezijenga akifikiria hoteli. Kila moja ilikuwa ya familia moja yenye uwezo pamoja na watumishi wake. Jiko lilikuwa chini ya usawa wa barabara, na makaa ya mawe yalihifadhiwa katika mashimo yaliyochimbwa chini ya njia ya waenda kwa miguu. Juu ya jiko kulikuwa na chumba cha kulia. Ghorofa ya kwanza ndiyo ilikuwa sebule ya kupokelea wageni, na ndiyo maana ukisimama barabarani leo utaona madirisha ya ghorofa hiyo ni marefu kuliko mengine yote. Kadiri unavyopanda, dari inashuka, vyumba vinapungua, mpaka unafika chini ya paa walikolala watumishi.

Reli ndiyo iliyobadili matumizi. Stesheni ya King's Cross ilifunguliwa mwaka 1852, jengo la sasa la Paddington mwaka 1854, Victoria mwaka 1860. Kampuni za reli zikajenga hoteli kubwa kando ya stesheni zao, na mitaa ya nyuma yake ikaanza kupokea wasafiri wa mfuko wa kawaida. Baadaye familia tajiri zikahama, watumishi wakaadimika, na nyumba ya ghorofa tano isiyo na watumishi ni mzigo. Zikageuzwa gesti moja baada ya nyingine.

Sasa piga hesabu. Nyumba ina upana wa mita sita hivi. Toa ngazi, toa korido. Sebule iliyobaki ukiipangisha kama chumba kimoja unapata mgeni mmoja. Ukiweka ukuta katikati unapata wawili. Kisha zama zikafika ambapo mgeni hataki tena kuoga bafu la korido, anataka la kwake. Nyumba haiwezi kutanuka, kwa hiyo bafu likakatwa kutoka kwenye chumba kilekile ambacho tayari kilikuwa nusu. Chumba chetu, kwa maneno mengine, kilikuwa nusu ya sebule ya mtu, kasoro kona moja.

Mtu atauliza, si wabomoe wajenge upya? Hawaruhusiwi kirahisi. Tangu sheria ya mipango miji ya mwaka 1947, Uingereza ina orodha ya majengo yanayolindwa kwa sababu ya historia yake, na mitaa mingi ya aina hii ina majengo yaliyomo. Ulinzi hauishii kwenye uso wa jengo. Ngazi, kuta za ndani na mapambo ya dari navyo huhesabiwa. Pengine ndiyo maana ua letu lilibaki juu likiwa nusu.

Kupaa juu nako kulizuiwa mapema. Sheria ya ujenzi ya mwaka 1894 iliweka kikomo cha futi 80, kama mita 24, baada ya jengo moja la makazi karibu na kasri ya Buckingham kurefuka mpaka watu wakalalamika, akiwemo Malkia Victoria. Basi mji ukatanuka pembeni, na mwaka 1938 ikaja sheria ya kuhifadhi ukanda wa kijani unaouzunguka, ukabanwa huko pia. Kwa miaka mingi ikawa huwezi kwenda juu, huwezi kwenda pembeni, na kila mtu anataka kulala katikati. Ardhi ikawa dhahabu.

Lakini usidhani ukikimbilia jengo la kisasa umepona. Hapa kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 1969 serikali ya Uingereza ilipitisha Sheria ya Maendeleo ya Utalii. Nchi ilikuwa na njaa ya fedha za kigeni, ndege kubwa zilikuwa zinakuja, na London haikuwa na vitanda vya kutosha. Ndani ya sheria hiyo kulikuwa na ruzuku kwa wajenzi wa hoteli, hadi pauni 1,000 kwa kila chumba kipya, ili mradi kazi ianze kabla ya Aprili 1971 na imalizike kufikia Machi 1973. Ukimlipa fundi kwa idadi ya vyumba, utapata vyumba vingi; hakuna aliyesema viwe vipana. Hoteli kubwa za zege zikaota kwa mkupuo. Ukiona London hoteli yenye mamia ya madirisha yanayofanana, ya kijivu, iliyofunguliwa mwaka 1973 au karibu na hapo, unajua imetoka wapi.

Na za leo? Baadhi zimeamua udogo uwe ndiyo biashara yenyewe. Hub, tawi la kampuni ya Premier Inn, inauza vyumba vya kama mita za mraba 11. Chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi, kile tunachokifahamu wote, ni mita za mraba 9.3. Kwa hiyo umezidishiwa kidogo tu, na humohumo kuna bafu. Wengine wamenunua majengo ya ofisi na kuyageuza hoteli. Ofisi ina sakafu pana, taa zinawaka mchana, hakuna anayejali dirisha. Igawanye vyumba na vile vya katikati vinabaki gizani. Huuzwa kwa bei nafuu, na tangazo husema kweli kwa herufi ndogo kwamba hakina dirisha. Soma herufi ndogo.

Nyota hazitakusaidia hapa. Hoteli huomba zenyewe kukaguliwa, na nyota husema zaidi kuhusu huduma, usafi na vifaa kuliko nafasi ya kutembea. Picha nazo hupigwa kutoka kona ya mbali kwa lenzi inayotanua kila kitu, mpaka mto unaonekana kama godoro. Mimi siku hizi naangalia kitu kimoja tu katika picha: pengo kati ya kitanda na ukuta. Kama kitanda kimegusa ukuta upande mmoja, nafunga ukurasa.

Kitanda chenyewe kina mtego kwa sisi tuliozoea vipimo vya fundi seremala. Kile Waingereza wanachokiita cha watu wawili kina upana wa sentimita 135, yaani futi nne na nusu. Tano kwa sita yetu, ambayo kwetu ni kitanda cha kawaida cha mke na mume, kule inaitwa cha mfalme, na sita kwa sita inakuwa zaidi ya mfalme. Vipo pia vya sentimita 120, vinaitwa vya watu wawili vidogo. Mimi na Mama tulilala kwenye kimoja cha hivyo, mzungu wa nne, kama tulivyokuwa tukilala kwa bibi sikukuu.

Chukua chumba cha mita za mraba 10. Kitanda cha 135 kwa 190 kinakula mbili na nusu. Bafu, mbili au zaidi. Kabati na meza, moja. Mlango unapofunguka unahitaji zaidi ya nusu. Mmebaki na kama nne. Mabegi mawili makubwa yakifunguliwa sakafuni yanachukua moja na nusu. Kilichobaki ni ujia wa kando ya kitanda, na huo ndio mtagawana kwa siku zote mlizolipia. Kwa uzoefu wangu, watu wawili wenye mabegi ya safari ya mbali wanaanza kupumua kwenye mita 18 na kuendelea. Tovuti nyingi za kukodi huandika ukubwa wa kila chumba. Usipouona, waandikie hoteli. Wakikwepa kujibu, wamejibu.

Swali ninaloanza nalo sasa ni hili: jengo hili lilikuwa nini zamani?

Kama ilikuwa nyumba ya familia, na mtu amependa mtaa ule kwa sababu ya stesheni, basi aombe chumba cha mbele, ghorofa ya kwanza. Ndiyo sebule ile. Pengine nayo imegawanywa, lakini kama haikugawanywa ndiyo kubwa kuliko zote, na mara nyingi bei haitofautiani sana na kile cha chini ya paa ambacho utakifikia kwa ngazi themanini bila lifti. Ulizia lifti. Mama ana magoti.

Kama ilikuwa bandari, afadhali zaidi. Mashariki ya mji kuna maeneo ya Royal Docks na Canary Wharf. Meli zilipokuwa kubwa na makontena yakahamia karibu na bahari, magati ya London yalikufa moja moja, na ya Royal yakafungwa kwa meli za mizigo mwaka 1981. Ikabaki ardhi tupu, hakuna sebule ya mtu wala ua la darini la kulindwa. Uwanja mdogo wa ndege ukajengwa hapo mwaka 1987, ukumbi wa maonyesho wa ExCeL mwaka 2000, na hoteli zikafuata, zimejengwa ziwe hoteli tangu msingi. Kwa bei ya nusu sebule Paddington, huku kwa kawaida unapata chumba cha kugeuka. Umbali ulikuwa tatizo mpaka Mei 2022 ilipofunguliwa reli ya Elizabeth. Kutoka Custom House, stesheni iliyo jirani na ExCeL, mpaka katikati ya mji sasa ni kama robo saa.

Ila kuna wiki moja ya kukimbia eneo hilo. Mwanzoni mwa Novemba ExCeL huwa na maonyesho makubwa ya utalii ya dunia, na watu wetu wa safari za mbugani na hoteli za Zanzibar wanaokwenda huko kila mwaka wanajua bei zinavyoruka. Siku za wiki zina mchezo wao pia. Katika mtaa wa mabenki, ule wanaouita City, hoteli hujaa wafanyabiashara Jumatatu mpaka Alhamisi, kisha wikendi zinabaki wazi na chumba kikubwa kinashuka bei. Magharibi, kwenye maduka na kumbi za maigizo, mambo huwa kinyume.

Familia yenye watoto ina njia nyingine: hoteli za nyumba, zenye jiko dogo na sebule, au vyumba viwili vyenye mlango wa kati. Za kwanza zinakuokoa pia na mgahawa wa kila siku. Nyumba za watu binafsi nazo zipo, lakini London mwenye nyumba haruhusiwi kuikodisha nzima kwa wageni wa muda mfupi zaidi ya siku 90 kwa mwaka bila kibali, kwa hiyo usingoje dakika ya mwisho ukidhani zitakuwepo.

Sisi tulihamia Royal Docks siku ya tatu. Mama aliingia, akaweka begi chini, akalifungua likiwa sakafuni, akanitazama. Akatandika mswala kati ya kitanda na dirisha na ikabaki nafasi ya mtu kupita nyuma yake. Alipomaliza kuswali alisimama dirishani. Nje kulikuwa na maji yaliyotulia, mikono ya winchi za zamani, na ndege ndogo inashuka ng'ambo.

"Chumba kizuri," akasema. "Sasa hiyo London yenyewe iko wapi?"