Bomba likivishwa bomba jingine kwa ndani, si litapitisha maji kidogo?

Je, wajua kwamba bomba la maji taka lililopasuka chini ya barabara linaweza kupata bomba jipya ndani yake bila lami kuguswa? Mafundi wanafungua chemba mbili tu, ya huku na ya kule, wanafika asubuhi na malori yao, na kama bomba sio kubwa sana wanaweza kuondoka kesho yake magari yakaendelea kupita kama kawaida. Ukimwambia mtu hivi anauliza kitu kimoja karibu kila mara: sasa si litakuwa jembamba? Na likiwa jembamba si ndo litaziba kila wiki? Inaonekana hesabu ya darasa la tatu, njia ikipungua upana inapitisha kidogo, basi. Kwenye bomba la maji taka mambo hayaendi hivyo, na tutafika huko, ila kwanza kuna swali ambalo watu wanaliruka na ndo tamu zaidi: hilo bomba jipya linaingiaje, wakati mdomo wa chemba ni mdogo, bomba la zamani limepinda, lina nyufa, na ni refu kuliko uwanja wa mpira?

Historia yake ni fupi. Mwaka 1971 huko Hackney, mashariki mwa London, Mwingereza Eric Wood akiungwa mkono na wenzake Doug Chick na Brian Chandler walijaribu njia hii kwenye mtaro wa chini kwa chini wa Marsh Lane, mita 70 hivi za matofali zilizokuwa na umri wa kama miaka 100. Mtaro wenyewe haukuwa wa duara, ulikuwa na umbo la yai lililosimamishwa, ncha nyembamba chini, kimo mita 1.17 na upana sentimita 61. Wajenzi wa zamani walipenda umbo hilo kwa sababu maji yakiwa machache yanakusanyika pale chini penye wembamba na kukimbia vizuri, uchafu haulali. Sasa tafuta bomba gumu la dukani la umbo la yai uliingize humo. Shida kulipata. Wood yeye hakupeleka bomba, alipeleka kitambaa. Marekani walianza kuitumia 1976, Fresno, California, na hataza yake ya kule (haki ya mbunifu peke yake kuitumia) ilipoisha 1994 kampuni nyingi zikaingia kwenye biashara hiyo.

Kitambaa chenyewe ni mfuko mrefu wa poliesta nzito isiyofumwa, uliokatwa na kushonwa kwa vipimo vya bomba husika, na kwa nje umefunikwa ngozi nyembamba ya plastiki isiyopitisha maji. Kwa ndani unanyweshwa resini ya majimaji mpaka ulowe wote, wanafyonza hewa kwanza alafu wanapitisha mfuko katikati ya rola ili pasibaki sehemu kavu hata moja. Resini hiyo ni ya familia ileile ya boti za faiba na bodi fila ya mafundi wa magari, na kama ulishawahi kumwangalia fundi wa bodi unajua tabia yake: ukishachanganya dawa, saa inaanza kuhesabu. Kwa hiyo mfuko unasafirishwa kwenye lori la friji au umezikwa kwenye barafu, maana lori likikwama foleni na joto likapanda, resini itaganda humohumo na utabaki na furushi la mawe lisilofaa kwa lolote.

Sasa kuingiza. Wengi wanadhani mfuko unaburuzwa kwa kamba kutoka chemba moja mpaka nyingine. Zipo aina zinazoingizwa hivyo kweli, hasa zile za nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa taa. Ila njia iliyotamba zaidi ni kuupindua mfuko, wa ndani uje nje, na hapa chukua soksi ndefu ya mpira wa miguu uitumie kufikiri.

Soksi yako kwa nje ni nailoni safi, kwa ndani imelowa gundi. Ukiikamata ukaivuta ndani ya bomba, nailoni ndo itakayogusa ukuta wa bomba na gundi itabaki katikati, yaani kinyume kabisa cha unachotaka, na juu ya hapo itasugua ukuta njia nzima na kuchanika kwenye kila kona. Badala ya kuivuta, kunja mdomo wake kwa nje kama unavyokunja soksi ya shule, ule mkunjo ubane kwenye mdomo wa bomba usibanduke, soksi iliyobaki iwe inaning'inia nyuma yako. Alafu sukuma pale kwenye mkunjo kuelekea ndani. Kila ukisukuma, kipande kipya cha soksi kinapita katikati, kinafika kwenye mkunjo, kinageuka, na kinalala ukutani upande wa gundi ukigusa ukuta. Na kikishalala hakisogei tena! Hapa ndo penye ujanja wote. Hakuna msuguano na ukuta kwa sababu hakuna kinachoteleza juu ya ukuta, soksi inajitandika tu mbele kwa mbele. Mbele pakiwa na kona, mkunjo unaifuata, pakiwa na umbo la yai, soksi inakuwa yai.

Kidole chako hakifiki mita mia, kwa hiyo anayesukuma ni maji. Juu ya chemba wanasimamisha jukwaa, mdomo wa mfuko unafungwa huko juu kwenye pete, wanafungulia maji. Uzito wa maji yaliyosimama unasukuma ule mkunjo, na nguvu yake sio ndogo: kwenye bomba la milimita 300, kimo cha mita 5 cha maji kinasukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 350 hivi. Maji hayohayo yanaubandika mfuko ukutani pande zote, kwa hiyo kazi mbili zinafanywa na kitu kimoja.

Kuna kitu kidogo humu ambacho kinafurahisha kupita kiasi. Mkunjo ukisogea mita moja mbele, mkia wa mfuko unasogea mita mbili, kwa sababu mita moja imetumika kutandika ukuta na mita nyingine imetumika kuufuata mkunjo ulikokwenda. Maana yake mkunjo ukiwa nusu ya safari, mkia ndo kwanza unaingia kwenye bomba, alafu unaufukuzia mkunjo kwa mwendo mara mbili na wote wanafika mwisho kwa pamoja. Mafundi wanaitumia hesabu hiyo: mkiani wanafunga kamba ya kuzuia mfuko usikimbie ovyo, na pamoja na kamba wanafunga mpira wa maji ya moto. Mfuko unapomaliza kujitandika, mpira umeshajifikisha mwenyewe mpaka mwisho wa bomba bila mtu kuingia. Kinachofuata ni boila kuchemsha maji na kuyazungusha kwenye joto la karibu nyuzi 80 kwa saa kadhaa (wengine wanatumia mvuke), resini inaganda, inapozwa taratibu, ncha zinakatwa. Ile ngozi ya plastiki iliyokuwa nje ya mfuko sasa ndo sura ya ndani ya bomba.

Kumbuka pia kwamba matundu yote ya nyumba zilizounganishwa pale pembeni yameshafunikwa. Kwa hiyo inaingia roboti yenye kamera na kisu kinachozunguka, inatafuta sehemu zilizobonyea kidogo na kuyafungua matundu moja moja kutokea ndani. Ndo maana bomba linapigwa picha na kupimwa kabla ya kazi kuanza, wajue tundu lipi lina nyumba inayolitumia na lipi lilishakufa zamani, na kwa saa hizo za kazi wakazi wanaambiwa wasimwage maji.

Haya, wembamba.

Chukua bomba la milimita 300 ulivishe ukuta mpya wa milimita 6. Umepoteza 6 kila upande, limebaki 288, yaani kipenyo kimepungua asilimia 4. Anayeogopa wembamba ana haki kuliko anavyojua, kwa sababu upungufu wa maji hauishii kwenye 4. Eneo la njia linapungua kwa karibu 8, na juu ya hapo kwenye njia nyembamba sehemu kubwa zaidi ya maji iko karibu na ukuta unaoyavuta nyuma, kwa hiyo kwa fomula ya Manning, ambayo mainjinia wa mifereji wanaitumia kila siku, kupungua huko kwa asilimia 4 kunakula kama asilimia 10 ya maji. Mpaka hapo mwenye wasiwasi anaongoza.

Ila fomula hiyohiyo ina upande wa pili, nao ni ukwaruzo wa ukuta. Bomba la zege au la udongo wa kuchoma linapewa namba ya ukwaruzo 0.013 hivi, ukuta mpya wa resini unapewa 0.010. Ukigawanya unapata 1.3, yaani ulaini peke yake unarudisha asilimia 30. Zidisha na ile 0.9 iliyobaki, unapata bomba jembamba linalopitisha maji zaidi ya la zamani kwa asilimia 17 hivi. Na hii ni kwa bomba la zamani likiwa zima, wakati lililopasuka lina viungio vilivyoachana, vipande vimejitokeza, mizizi imejaa mpaka katikati. Huwezi kulinganisha bomba jipya na lile la kwenye ramani, linganisha na lililopo chini.

Wauzaji wanaishia hapo, ila mimi ningepunguza shangwe kidogo. Hizo 0.013 na 0.010 ni namba za kwenye jedwali. Bomba la maji taka likishatumika linaota utelezi ukutani, na utelezi haujali chini yake kuna zege au resini, kwa hiyo tofauti inapungua. Ukichukulia kwamba baada ya muda ukuta mpya umefika 0.012, lile bomba la 300 linapitisha asilimia 97 ya zamani, sio 117. Na bomba dogo linaumia zaidi: kwenye la 150 milimita sita zilezile zinaacha 138, jedwali linasema utapata faida ya asilimia 4 hivi, utelezi ukiingia inakuwa hasara ya 13. Kwa hiyo jibu la kweli ni kwamba wembamba mara nyingi haukuumizi sana, unategemea ukubwa wa bomba, sio kwamba kila bomba linaongezeka nguvu kama matangazo yanavyosema.

Faida kubwa iko kwingine. Sehemu zenye maji ya ardhini karibu, bomba bovu linayanywa kupitia viungio masaa 24, na hayo maji safi yanabeba nafasi ya maji taka alafu yanapelekwa kwenye mtambo kusafishwa bila sababu. Ukuta mpya hauna viungio kati ya chemba na chemba. Hapa nako kuna kaubishi: ukuta huo haujabandikwa na gundi kwenye bomba la zamani kama watu wanavyofikiri, unasimama wenyewe kama bomba, lile la zamani ni fremu tu, na resini ikiganda inasinyaa kidogo. Maji ya ardhini yanaweza kutambaa kwenye uwazi huo mwembamba na kutokea pale roboti ilipofungua tundu la nyumba, au yakahamia kwenye mabomba madogo ya nyumba ambayo hayajatengenezwa. Ukiziba kubwa ukaacha madogo, sehemu ya maji inahamia mlango wa pili.

Kuhusu kudumu, kawaida wanapiga hesabu ya miaka 50. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilitoa ripoti 2012 baada ya kukata vipande vya mabomba ya hivi yaliyokuwa yakitumika Denver na Columbus, la zamani zaidi likiwa na miaka 25, na hali yake ilikuwa nzuri sana. Hiyo ni dalili njema, sio ushahidi wa miaka 50. Harufu je? Resini ya kawaida ina stairini, kemikali yenye harufu kali kama ya gereji, na mwaka 2017 watafiti wa Purdue walipima ule mvuke mweupe unaotoka kwenye kazi za mvuke wakakuta sio mvuke mtupu, una mchanganyiko wa kemikali na matone. Mtaani kwako wakifanya kazi hii, mwaga maji kwenye matundu ya sakafu ya bafu mapema, kabla hawajaanza, ule mpindo wa bomba chini ya tundu ukiwa umejaa maji, harufu haipandi ndani. Kwa maji ya kunywa wanatumia resini nyingine, mara nyingi epoksi.

Na kuna bomba ambalo haliponi hivi. Lililodidimia katikati likatengeneza dimbwi, soksi italifuata dimbwi kwa uaminifu mkubwa na utakuwa na dimbwi jipya lenye ukuta mzuri. Lililoporomoka kabisa, mkunjo haupiti. Na lililokuwa dogo kwa mtaa tangu lijengwe, hapo mwenye wasiwasi wa wembamba anashinda kabisa. Huyo ana njia yake, ilianzia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwenye mabomba ya gesi ya chuma cha kusubu, kampuni ya D. J. Ryan & Sons ikishirikiana na British Gas: unavuta kichwa cha chuma chenye umbo la koni ndani ya bomba bovu, kinalipasua na kuvisukumia vipande vyake kwenye udongo pande zote, huku nyuma yake kinakokota bomba jipya la plastiki ambalo linaweza kuwa kubwa kuliko la mwanzo. Udongo ndo unaolipa hiyo nafasi, kwa hiyo kwanza unauliza bomba la jirani limepita wapi, maana kama liko karibu sana nalo litasogezwa.