Vijijini Si Idadi ya Watu Tu

Nimelisikia tena wiki hii: "Vijijini ni pale penye watu wachache, basi." Aliyesema ndiye anayewapangia wanafunzi wa saikolojia tiba vituo vya mafunzo kwa vitendo, ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza.

Hiyo namba tuimalize haraka. Marekani, Ofisi ya Sensa ilikuwa inahesabu mji kuanzia watu 2,500. Kwa sensa ya 2020 kiwango kikapanda hadi watu 5,000, au nyumba 2,000. Kuna watu walilala mjini wakaamka vijijini, na hakuna aliyehamisha hata godoro. Ofisi nyingine ya serikali hiyohiyo inaihesabu kaunti nzima kuwa ya jiji au la, kwa hiyo sehemu kubwa ya korongo la Grand Canyon imo ndani ya eneo la jiji la Flagstaff. Australia wamejitahidi zaidi: mfumo wao uitwao Modified Monash una ngazi saba, MM1 hadi MM7, zinazoangalia ukubwa wa mji pamoja na umbali. Kwa kugawa posho, sawa. Kwa kumwandaa mwanafunzi, bado.

Huku kwetu vijijini, kazini, swali ni nani anamjua nani. Mteja anaegesha gari nje ya kituo. Kabla hajaketi, shemeji yake ameshajua yuko wapi. Anayetoa mafaili mapokezi ni mama wa mume aliyeachana naye. Jioni mimi na mteja huyo tutakaa benchi moja kwenye mkutano wa wazazi. Mwanafunzi wa mjini ana jibu moja: mpe rufaa. Kwa nani? Mwenzangu wa karibu yuko mbali kiasi kwamba rufaa ni kumfukuza mteja kwa adabu.

Tena wanafunzi hao wanadai maadili yanawalazimisha kutoa rufaa. Wasome! Kanuni 3.05 ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani haikatazi kila uhusiano wa pande mbili, yaani mteja kuwa pia jirani au mzazi mwenzako shuleni. Inakataza ule unaotazamiwa kupotosha kazi ya mtaalamu au kumdhuru mteja. Kwa hiyo kazi ni kupima: tukikutana dukani tutasalimianaje, faili lisiguswe na nani. Gumu kuliko yote, nifanye nini na habari za mteja nilizoambiwa na jirani yake bila kuuliza? Nikimwambia, nimemchoma jirani. Nikinyamaza, namsikiliza huku najua mwisho wa hadithi. Hilo halimo kwenye mtihani.

Kipimo changu cha kujuana nacho kinavuja. Kambi ya jeshi katikati ya jiji ina kujuana kote huko. Jamii ya viziwi pia, pale mkalimani anapokuwa mmoja na siri za wote anazo. Hao nao tuwaite wa vijijini? Nasitasita. Na kipimo kisicho na namba, kila chuo kitadai kimekifikia fedha zikitangazwa.

Basi namba ibaki kwenye fomu. Ila ongezeni safu mbili: nani atamsimamia mwanafunzi, na mtaalamu mwingine anayeweza kupokea rufaa yuko umbali gani.