Umefanya yoga Jumamosi, Jumatatu huwezi kuchuchumaa: usikimbilie sindano

Tangu makundi ya mazoezi ya alfajiri yaanze kutandika mikeka Raskazone, Jumatatu za kitengo chetu cha fiziotherapia hapa Tanga zimebadilika. Juzi mama mmoja wa Chumbageni aliteremka ngazi zetu kinyumenyume, mikono yote miwili ukutani. "Mwanangu daktari, kuna kitu kimekatika humu mapajani." Nikampima. La mama, hakijakatika kitu. Kilichonitisha kilikuwa kwenye pochi yake: kichupa cha diclofenac ya sindano, dawa ya kutuliza maumivu, kauziwa dukani bila cheti, anatafuta wa kumchoma.

Maumivu haya ya misuli isiyozoea zoezi huanza saa 12 hadi 24 baada ya zoezi, hukolea kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki. Watu huidharau yoga kwa kuwa haina kukimbia. Lakini jaribu kukaa mkao wa ubao, kisha ujishushe taratibu mpaka kifua kikaribie mkeka. Hapo msuli unavuta huku unarefushwa, na nyuzi zake hupata michubuko midogo isiyoonekana kwa macho. Mwili unapoikarabati, pale huvimba kidogo na kuuma.

Sasa hili la "asidi imeganda kwenye misuli" tuliache, jamani. Tumelieleza mpaka koo limekauka. Asidi ya laktiki inayotokana na mazoezi huondoka ndani ya saa moja au mbili; ya Jumamosi haiwezi kukuuma Jumatatu. Kwa hiyo hakuna cha kukamua, na kuchuliwa kwa nguvu hadi mtu alie ni kujiongezea michubuko. Kukandwa taratibu kwa maji ya moto au mafuta ya nazi hatukatazi. Dafu kunywa, tamu, ila si dawa ya misuli.

Kulala kutwa nzima hukakamaza zaidi. Tembea polepole hadi Mgandini urudi, utaona miguu inalegea. Ukizidiwa, mtu mzima asiye na tatizo la ini anaweza kumeza paracetamol ya miligramu 500, vidonge viwili kwa mara moja, visizidi vinane kwa saa 24.

Diclofenac ni habari nyingine. Inaweza kuchimba vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo, hasa kwa aliyetoka jasho jingi bila kunywa maji. Mjamzito aliyepita wiki ya 20 asiiguse bila daktari. Na duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuchoma sindano, hata muuzaji awe jirani yako, hata awe "amezoea". Ukikutana na hali hiyo toa taarifa kwa mfamasia wa halmashauri au Baraza la Famasi. Tunza risiti, boksi lenye namba ya toleo, na andika tarehe na jina la duka kama lilivyo kwenye kibao. Ukija na "lile duka la pale kona", hatuna pa kuanzia.

Anayetaka kutuona aanzie zahanati au kituo cha afya, apewe barua ya rufaa, aipeleke mapokezi, aonane na daktari wa wagonjwa wa nje, ndipo aandikiwe fiziotherapia. Mwenye bima aje na kadi yake mwenyewe. Kadi ya dada yako si yako, na kuitumia ni udanganyifu unaoweza kukufikisha mahakamani.

Mlolongo huo haumhusu mwenye mkojo wa rangi ya kahawia kama chai ya rangi, au misuli iliyovimba na kuishiwa nguvu. Hiyo ni dalili kwamba misuli inabomoka na mabaki yake yanaelemea figo. Wala haumhusu aliyevimba mguu mmoja ukawa wa moto, aliyesikia kitu kikikatika akiwa zoezini, au anayepata ganzi inayoshuka mguuni. Hao waende dharura moja kwa moja, saa yoyote, bila barua.

Mama wa Chumbageni alituachia kichupa chake, akarudi mkekani baada ya siku nane. Msuli ukishapitia zoezi mara moja hujikinga na maumivu hayo kwa wiki kadhaa. Safari hii aliteremka ngazi akitazama mbele, akilalamikia foleni.