Mbavu si urembo tu: hesabu ya sweta la mwanaume

Juzi mwanafunzi wangu mmoja wa kroshia, ufumaji wa sindano ya ndoano, wa hapa Nkuhungu, Dodoma, alinijia na sweta la mumewe kwenye kikapu. "Mama, limekwama kwapani." Kabla hajalitoa nilishajua. Ni wa nne tangu Mei, na wote wana kauli moja: mbavu, ile mistari inayoinuka na kuzama, ni urembo tu, hesabu ya mishono ni ileile.

Si ileile! Nimelisema kwa mdomo hadi nimechoka, leo naliandika.

Tuchukue sweta lake. Kifua cha mume ni sentimita 104. Tukaongeza 8 ili apumue, ikawa 112. Alifuma kipande cha kupimia kwa mshono mrefu wa kawaida, akapata mishono 14 kwa kila sentimita 10, akapiga hesabu, akaanza na mishono 157. Hapo hana kosa. Kisha mwili wote akaufuma kwa mbavu, na mkono wake uleule, uzi uleule, sindano ileile, kwenye mbavu unatoa mishono 17 kwa sentimita 10. Gawanya mwenyewe: mishono 157 imezaa sentimita 92. Mtu wa 104 aingie wapi? Alihitaji mishono 190.

Angalia sindano inavyopita. Kwenye mshono wa kawaida inaingia kichwani mwa mshono wa chini, safu inakaa juu ya safu. Kwenye mbavu haigusi kichwa, inazunguka mguu, ile nguzo iliyosimama chini ya kichwa: inazama kwa mbele, inapita nyuma ya mguu, inatokea mbele tena. Mguu ule unavutwa kuja kwako. Wa jirani, uliozungushwa kwa nyuma, unarudi upande wa pili. Mishono iliyokaa bega kwa bega sasa imepishana, mmoja mbele mmoja nyuma, kama abiria waliobanana kwenye daladala. Upana umehamia kwenye unene. Na kwa kuwa kila mshono unaanzia chini ya kichwa cha mwenzake, safu nazo zinafupika, kwa hiyo zinahitajika safu nyingi zaidi na uzi mwingi zaidi. Nunua wote siku moja, maana rangi ya mzigo mwingine huenda isilingane.

Basi kipande cha kupimia kifumwe kwa mbavu zenyewe, sentimita 15 kwa 15. Kifue, kikauke kikiwa kimelazwa, halafu pima katikati, pindo zinadanganya. Na usikivute kwa vidole hadi kikupe namba unayoitaka. Nimewaona mnavyofanya.

Pasi, hapana. Uzi mwingi tunaouziwa ni akriliki. Moto na mvuke vinaulegeza, mbavu zinalala na haziamki tena.

Mchoro wa mtandaoni kwanza jua umetoka wapi. Mshono ambao Wamarekani wanauhesabu kuwa wa mara moja, Waingereza wanauita wa mara mbili. Kwa hiyo jina moja, "wa mara mbili", kwao ni mishono ya urefu tofauti.

Mwili wa mwanaume mwenyewe si kazi ngumu: nyoosha ubavuni, usibane kiuno. Mkono upime penye msuli, akiwa amekunja kiwiko.

Kinachonisumbua hadi leo ni urefu. Kipande kidogo hakibebi uzito, lakini sweta zima la mbavu ni zito na linajivuta lenyewe likivaliwa. Mimi hupunguza sentimita 3 na kusubiri uzito ukamilishe. Mara nyingi inakubali. Mara nyingine limebaki fupi, na mteja akiinua mikono tumbo linaonekana. Hesabu ya kuaminika sijaipata, ndiyo maana siku hizi naanzia shingoni nikishuka. Akilivaa wiki mbili, pindo la chini naliongeza au kulifumua bila kugusa mabega.

La mwanafunzi wangu tulilifumua jioni ileile, yeye akivuta, mimi nikikunja. Uzi ulitoka umejaa mawimbi, tukaufunga mafungu, tukauloweka, tukauanika. Tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na upepo wa Julai hapa Dodoma unapenya shati. Mumewe anakwenda Mtumba kwa pikipiki saa 12 asubuhi. Uzi umeshakauka. Leo ameanza kipande cha kupimia, cha mbavu.