Si fo-wili inayomaliza wese la mkonga

Kijiweni kwetu Igoma, Mwanza, Land Cruiser mkonga (lile lenye bomba la kuvutia hewa pembeni ya kioo) likipita kuelekea Magu lazima mtu aseme, "Hilo linakunywa, si mchezo." Linakunywa kweli. Langu lina injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, haina tabo ya kuisukumia hewa. Kwa lita moja hunipa kilomita saba, au nane nikilibembeleza. IST ya jirani yangu inapata karibu mara mbili ya hizo. Tukianza kuulizana kwa nini, ndipo ubishi unapochemka.

"Ni fo-wili hiyo, magurudumu manne yote yanakula." Hili ndilo jibu la mjomba mmoja pale, dereva wa siku nyingi, na ndilo linalopigiwa makofi. Lakini fo-wili ya mkonga si ya muda wote. Kwenye lami gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Zile loki za kwenye magurudumu ya mbele zikiwa zimefunguliwa, difu ya mbele na propela yake havizunguki kabisa. Ukitoka kwenye udongo mweusi wa mbuga kule Kwimba ukasahau kuzifungua, vyuma vile vitazunguka bure mpaka nyumbani, na hasara yake ipo, ila ni ndogo. Prado nyingi na Land Cruiser VX husukuma yote manne wakati wote, kwa hiyo zenyewe hulipa kidogo zaidi.

Balaa ni kuingiza fo-wili ya mkonga kwenye lami kavu, "ili gari likamate barabara." Ukizunguka kipilefti, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na katikati hakuna difu ya kuyaacha yaende kila moja kwa mwendo wake. Lazima kitu kiteleze. Kwenye tope tairi huteleza bila shida. Kwenye lami kavu tairi zinasagika na shafti zinakazana. Hapo mafuta yatakwenda, na baadaye utanunua na gia boksi.

Basi mlaji ni nani? Safarini, mlaji mkuu ni upepo.

Gari likienda, linasukuma hewa iliyo mbele yake. Ugumu wa kuisukuma unategemea ukubwa wa uso wa gari na jinsi umbo lake linavyoipisha hewa. Wahandisi hulipima umbo kwa namba, na namba ikiwa ndogo ndiyo nafuu. Mercedes G-Class, lile la kisanduku, lilipimwa 0.54. Toyota Prius ya toleo la nne ni 0.24. Mkonga ni wa ukoo wa kisanduku: kioo cha mbele kimesimama kama ukuta, bonati bapa, kona kali. Chini yake ni wazi, na hewa inajikwaa kwenye chesisi, difu na springi. Haya hayakuwekwa kwa uzembe. Kioo bapa ni rahisi kubadilisha ukiwa mbali na mji, kona kali zinamwonyesha dereva mwisho wa gari lake kati ya mawe, na ule uwazi wa chini ndio unaolipitisha juu ya jiwe. Porini, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, upepo haudai kitu. Deni linakuja kwenye lami.

Tena deni lenyewe halipandi sawa na mwendo. Ukitoka kilomita 60 kwa saa ukaenda 120, nguvu ya upepo haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Kutoka 80 hadi 110 tu inakaribia mara mbili. (Kwa hiyo wale askari wenye tochi vichakani, pamoja na lawama zote tunazowatupia, wanatubania mafuta.) Upepo wa asili nao unahesabiwa. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, lina kilomita 3 juu ya maji, hakuna mti wala nyumba ya kukukinga. Ukipita pale kwa 80 huku upepo wa ziwa wa kilomita 20 kwa saa ukikujia usoni, kwa gari lako ni kama unakimbia 100, na nguvu inayokuzuia imeongezeka kwa zaidi ya nusu.

"Ni uzito." Hapa mjomba ana nusu ya haki. Mkonga una tani mbili na zaidi, IST ni kama tani moja. Kwenye foleni ya Mabatini, kila ukiondoka unalipia kuzisukuma tani zote hizo, na kila ukikanyaga breki nguvu uliyoilipia inageuka joto. Kupanda Bugando ni vilevile. Lakini kwenye tambarare, mwendo ukishatulia, uzito unabaki kudai kwenye tairi tu, na upepo unachukua zamu.

Tairi zenyewe zina hadithi ndefu. Wapo wanaovisha tairi za matope zenye meno makubwa hata kama gari halitoki Nyegezi. Kila jino likigusa lami linajikunja, likinyanyuka linajikunjua, na kule kujikunja ni joto linalotoka kwenye tangi. Upepo wa tairi ukiwa pungufu ndiyo zaidi. Halafu kuna hesabu inayowapiga chenga wengi. Gari lililotoka kiwandani na tairi za inchi 31 ukalivisha za 33, kila mzunguko linakwenda mbali zaidi, lakini dashibodi haijui. Ikikwambia umekwenda kilomita 700, umekwenda kama 745. Mtu anagawa 700 kwa lita zake, anashika kichwa, kumbe sehemu ya hasara iko kwenye saa tu. Nyingine ni ya kweli, maana tairi kubwa ni nzito na zinainua gari juu zaidi kwenye upepo.

"Toa themostati, gari lisichemke." Ushauri huu wa gereji unaonekana wa bure, lakini themostati ndiyo inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto; ukiitoa, injini inakaa baridi muda mrefu, na injini baridi inakula zaidi na kuchakaa mapema.

"Ukiteremka toa gia, liteleze lenyewe." Hapana. Ukiwa kwenye gia na mguu hauko kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na pampu inakata mafuta. Ukiweka fri, injini inabidi ichome yake ili isizime, na wewe unabaki na breki peke yake.

Mimi niligundua la kwangu mwaka jana: keria ya chuma juu ya bodi, tupu, tangu nilipoacha kubeba ndoo za dagaa. Nilikuwa naitembeza kwenye upepo kila siku bila kazi. Niliifungua boliti nikaiegemeza nyuma ya nyumba. Kuku wameigeuza kitanda.